Sura ya Saba: Desemba Kibanjani

Tarehe 25 Desemba 1861, John Hanning Speke, Mwingereza aliyekuwa safarini kutafuta chanzo cha mto Nile, alikuwa mgeni wa Mfalme Rumanyika huko Bweranyange, Karagwe. Rumanyika hakuwa Mkristo, na nchi yake haikuwa na kanisa hata moja. Lakini alikuwa amesikia kwamba siku hiyo wageni wake huadhimisha kuzaliwa kwa Kristo kwa kula nyama ya ng'ombe, basi akawapelekea maksai. Speke alikwenda kwake kumshukuru na kumpa salamu za sikukuu, akaiandika habari hiyo katika kitabu cha safari zake.

Sijui Krismasi nyingine ya Karagwe iliyoandikwa ambayo ni ya zamani kuliko hiyo. Kinachonivutia ndani yake ni kwamba mwenyeji hakuhangaika kutafuta kitu cha mbali ili amfurahishe mgeni. Nchi ilikuwa ya ng'ombe wa pembe ndefu, akatoa ng'ombe.

Leo nchi hiyo ni wilaya mbili, maana Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ng'ombe bado wapo, ila watu wengi wanaishi kwa kibanja: shamba la migomba linaloizunguka nyumba, lenye mibuni chini ya migomba, maharage katikati, na mparachichi au mwembe pembeni. Desemba ndiyo saa ya kibanja kujaa. Mvua za vuli zimenyesha tangu Septemba, maharage yanakomaa, mahindi mabichi yameanza kuchomwa, na senene wamekuja. Shule zimefungwa hadi Januari. Ndugu wanateremka kwenye mabasi Kayanga, Omurushaka na Nkwenda wakiwa na mabegi makubwa, wametoka Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam.

Wakubwa nao wana kazi hadi shingoni. Nyumba inasilibwa upya au kupakwa chokaa, mbuzi anatafutwa, nguo za watoto zinanunuliwa gulioni. Mtoto wa miaka minne akisogea jikoni anaambiwa, "Hebu toka hapo, nenda ukacheze na wenzako." Siku ya sikukuu yenyewe anavikwa nguo mpya, anapewa soda na biskuti, anashikishwa puto, na anaonywa asijichafue. Naiona hiyo kuwa hasara kubwa. Mtoto mdogo apewe kazi halisi katika sikukuu, kazi ambayo matunda yake yataonekana sahanini, ukutani au mkononi mwa mgeni, na mtu mzima mmoja akae naye anapoifanya. Vifaa vyote viko kibanjani. Kinachohitaji kupangwa ni nani atakaa na watoto, na saa ngapi.

Senene

Nianze na senene, kwa sababu wao hawangoji ratiba ya mtu. Huja kwa wingi na mvua za Novemba na kuendelea hadi Desemba, na miaka mingine huonekana tena Aprili na Mei. Usiku hufuata mwanga. Wafanyabiashara huwatega kwa taa kali zinazomulika mabati yaliyosimamishwa, senene wakigonga bati huteleza hadi ndani ya pipa. Mtoto mdogo hana kazi mahali hapo: mwanga ule huumiza macho, na nyaya za umeme huwa zimelala kwenye nyasi zilizolowa.

Saa ya mtoto ni alfajiri. Umande ukiwa bado haujakauka na baridi ya milima ya Karagwe ikiwa kali, senene anakuwa mzito. Hawezi kuruka mbali, na mtoto wa miaka mitano anaweza kumkamata kwa vidole viwili. Mpeni chupa ya plastiki yenye mdomo mpana au kikapu kidogo chenye kifuniko, mvalisheni sweta na viatu vya kufunika vidole, kisha tembeeni naye kwenye nyasi zilizo karibu na nyumba. Msiharakishe. Atawakuta wa kijani, wa kahawia, na mara chache wa rangi ya zambarau, ambao kila mtoto aliyewahi kuwaokota huwakumbuka. Hapo mna somo zima la rangi na hesabu bila daftari: mtoto awapange kwa rangi, aseme ni rangi gani imezidi, akisie kesho watakuwa wangapi.

Kuchambua ndiko kunakokusanya nyumba nzima. Sinia kubwa linawekwa chini na watu wanalizunguka, mabawa yanakwenda upande huu na miguu upande ule. Miguu ya nyuma ina miiba midogo, kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka minne abandue mabawa tu. Maneno ya ukoo hutoka hapo bila kulazimishwa: nani aliolewa wapi, nani alihamia Mabira, shamba la babu lilikuwa likiishia kwenye mti upi. Mtoto anasikia, na mikono yake iko kazini pamoja na ya wengine.

Kupika ni kazi ya mkubwa. Senene huoshwa, huwekwa kwenye sufuria na chumvi na maji kidogo, wakachemka hadi maji yakauke. Baada ya hapo hukaangwa kwa mafuta yanayowatoka wenyewe, wakigeuzwa bila kuachwa, hadi wawe na rangi ya dhahabu na walie "kacha" mdomoni. Kitunguu huingia mwishoni. Wakikaushwa vizuri na kufungwa kwenye kopo huvumilia muda mrefu, na ndiyo sababu ndugu wa Dar es Salaam huondoka na kopo lao. Mtoto anayewaonja mara ya kwanza apewe mmoja au wawili, kisha atazamwe. Mtu ambaye mwili wake unakataa kamba wa baharini anaweza pia kuwakataa senene.

Kuna jambo la kale ambalo lazima lisemwe. Kwa Wahaya na baadhi ya majirani zao, mila ilimkataza mwanamke kula senene. Mama na mabinti waliokota, wakachambua, wakakaanga, kisha wakaweka sahani mbele ya mwanamume. Siku hizi nyumba nyingi zimeiacha mila hiyo, lakini bado utakuta mezani binti akipunguziwa au akihudumiwa wa mwisho. Senene wana protini na mafuta kwa wingi, na mtoto wa kike anavihitaji sawasawa na kaka yake. Baba, ukipewa sahani, mpe binti yako konzi ya kwanza kwa mkono wako mwenyewe, mbele ya watu wote.

Mgomba wote ni kiwanda

Hakuna duka la vitu vya watoto lenye mali kama mgomba. Naanza na mpira, kwa sababu ndio wenye kazi ya kila umri. Mdogo kabisa anakusanya majani makavu yanayoning'inia. Wa miaka sita anayafinyanga kuwa donge gumu. Mkubwa anachana maganda makavu ya shina kuwa kamba, anaziloweka kidogo zisikatike, kisha anazungusha kamba ya kwanza, ya pili inaikata ya kwanza, ya tatu inapita katikati, hadi donge lote limeshikwa na wavu wa mafundo madogo. Zamani wengi walijaza ndani mifuko ya plastiki. Tangu Juni 1, 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini, na majani yanatosha. Mpira uliofungwa vizuri unadunda kidogo, hauvunji kioo wala hauumizi mguu wa mtoto asiye na kiatu.

Halafu kuna bunduki ya mgomba, ambayo haina uhusiano na vita isipokuwa mlio. Chukua uti wa jani bichi, ondoa majani pembeni, kisha chonga vibanzi vitatu au vinne juu yake bila kuvikata hadi mwisho. Vinyanyue visimame, pitisha kiganja haraka: pa-pa-pa! Kisu kishikwe na mkubwa, mlio uwe wa mtoto. Nyumba yenye watoto watano wenye bunduki hizi haitasinzia mchana.

Magari yanatoka kwenye shina la mgomba uliokwisha kukatwa mkungu. Kipande cha shina ndicho bodi. Magurudumu ni vipande vya duara vilivyokatwa kwenye mti wa katikati ya mkungu. Kijiti kigumu ndicho ekseli. Gari hilo huishi siku mbili au tatu kabla ya kusinyaa, na hilo halina neno, kwani kesho litatengenezwa lingine lenye marekebisho. Ganda pana la shina, likiwa bichi na lenye utelezi, ni chombo cha kuteremkia mlima. Karagwe na Kyerwa hazina uhaba wa miteremko. Chagueni iliyo na nyasi, isiyoishia barabarani wala kwenye mto.

Wanasesere nao wanapatikana kwa njia inayofaa shamba. Mkulima mwangalifu huvunja ua dume la mgomba mara tu chane la mwisho linapokamilika, akitumia mti wenye panda badala ya kisu, kwa sababu wadudu wanaotembelea ua hilo hueneza mnyauko, ugonjwa ulioingia Kagera mwaka 2006 na kuangamiza vibanja vingi. Mtoto anaweza kushika ule mti pamoja na babu yake na kusikia ua likivunjika "tak!" Ua linaloanguka ni mtoto tayari: lina kichwa, lina nguo za zambarau zilizopangwa tabaka kwa tabaka. Linabebwa mgongoni kwa kitenge. Hakikisheni tu kwamba mgomba ulikuwa mzima. Ukiona majani ya njano yanayolegea au ndizi zinazoiva kabla ya wakati, ua hilo si la kuchezea, na kisu kilichougusa mgomba huo kipitishwe motoni kabla ya kugusa mwingine. Mtoto aliyeambiwa sababu ataikumbuka, na kibanja cha kesho kitakuwa mikononi mwake.

Kwa siku za mvua, wakati watoto wamejazana ndani, tengenezeni kadi. Maganda makavu ya mgomba yana rangi nyingi, kuanzia ya maziwa hadi ya chai ya rangi iliyokolea. Yachaneni vipande vyembamba na kuyalaza kwenye karatasi ya manila iliyokunjwa. Gundi msinunue: vijiko viwili vya unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji, koroga hadi kusiwe na vidonge, weka motoni hadi iwe uji mzito, iache ipoe. Mtoto wa miaka mitatu atabandika ovyo, na aachwe abandike ovyo. Wa miaka saba atatoa mgomba, nyumba, ng'ombe mwenye pembe. Kadi hizo zipelekwe kwa watu wanaojulikana: shangazi, katekista, mwalimu wa darasa la awali, jirani aliyefiwa. Mtoto azipeleke kwa mkono wake mwenyewe na kusalimia kwa adabu ya nyumbani kwenu.

Juisi, kashata na kahawa ya mgeni

Kila mzaliwa wa Kagera ameiona rubisi ikitengenezwa. Ndizi za pombe, zile zinazoitwa embire, huivishwa, humenywa, hutiwa kwenye mtumbwi uliochongwa kwa gogo, na wanaume huzikanyaga pamoja na nyasi hadi maji yajitenge. Baadaye huongezwa mtama uliokaangwa na kusagwa, vikaachwa vichachuke. Lakini kabla ya mtama kuingia kuna juisi tamu isiyo na kilevi, na tangu zamani watoto huisubiri na vikombe vyao pembeni ya mtumbwi.

Inaweza kutengenezwa kwa beseni, na watoto wakawa mafundi. Menyeni ndizi ishirini hivi za embire zilizoiva hadi ganda lianze madoa. Osheni nyasi ndefu, ngumu kidogo, konzi mbili au tatu. Watoto waoshe mikono hadi viwikoni, kisha wakande ndizi na nyasi pamoja. Mwanzoni ni tope tu linalonata, na wengi hukata tamaa hapo. Endeleeni. Ghafla tope linaachia na juisi angavu inaanza kutoka katikati ya vidole. Uso wa mtoto wakati huo unastahili kutazamwa. Chujeni kwa kitambaa safi, ongezeni maji kidogo yaliyochemshwa na kupoa, mnywe siku hiyo hiyo, kwa maana ikilala itaanza kuchacha. Msijaribu kwa ndizi za kupika: hizo hugeuka uji na hazitoi juisi kwa kukandwa.

Kwa soda za chupa sina ugomvi mkubwa, siku moja kwa mwaka. Ila mtoto aliyetengeneza juisi anaipeleka kwa wageni akisema "nimeikanda mimi," na chupa ya dukani haiwezi kumpa neno hilo.

Kashata za karanga ni rahisi. Vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa, kikombe kimoja cha sukari. Kazi ya watoto ni kusugua karanga zipoteze maganda mekundu na kuyapepeta kwenye ungo, nje, upepo ukisaidia. Kuyeyusha sukari ni kazi ya mkubwa peke yake, na watoto wakae mbali na jiko, kwa sababu sukari ya moto hushika ngozi na kuunguza vibaya kuliko maji. Mchanganyiko ukimwagwa kwenye sinia lililopakwa mafuta na kupoa kiasi, watoto warudi kukata vipande. Mkiwa na mtoto wa chini ya miaka mitano, zitwangeni karanga kwanza. Karanga nzima inaweza kumkaba.

Gonja za kuchoma makaani, mahindi mabichi, ndizi zilizopikwa na maharage mapya: haya yote yanajulikana, na kila mama ana namna yake. Niseme tu kwamba kupukuchua maharage mabichi ni kazi bora kabisa ya mtoto wa miaka mitatu. Ganda linapasuka, punje zenye madoadoa zinatoka zimepangwa, na nyingine chache zinaweza kuwekwa kando kwa ajili ya bao la kuchimba mashimo uani.

Kahawa ya kutafuna inahitaji aya yake. Matunda ya robusta huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha hukaushwa, na mgeni akifika huletewa kabla ya chakula. Zamani hata udugu wa kuchanjiana ulifungwa kwa kahawa hii. Haifai mtoto kuitafuna, ila kuipeleka kwa mgeni ni heshima anayoiweza tangu miaka minne. Afundishwe siku mbili kabla: kikapu kidogo kishikwe kwa mikono miwili, apige magoti au ainame kama ilivyo desturi ya nyumbani, asalimie, angoje mgeni achukue, ndipo arudi. Kikapu hicho kisiwe cha dukani. Bibi anaweza kuanza kitako, mjukuu akaendelea na mizunguko miwili au mitatu yenye kupinda, na bibi akamaliza. Mizunguko yenye kupinda isifumuliwe.

Udongo

Msafiri Henry Morton Stanley alipofika kwa Rumanyika mwaka 1876, mfalme alimwonyesha nyumba ya hazina yake. Ndani yake alikuta sanamu za shaba, zikiwemo za bata na za ng'ombe. Bweranyange pia inajulikana kwa ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu, wanaosimuliwa kuwa walifuliwa enzi za Ndagara, baba yake Rumanyika. Mfalme alikuwa na ng'ombe hai wasiohesabika malishoni, na bado alitaka wengine wa kutengenezwa kwa mkono.

Watoto wa Karagwe wanafanya jambo hilo hilo kwa udongo wa bondeni. Chukueni ule unaoshikamana bila kupasuka ukiviringishwa, uondoeni mawe na mizizi, ukandeni na maji kidogo. Mtoto wa miaka minne atatoa kitu chenye miguu minne na pembe, na mkimwuliza atawaambia jina la ng'ombe huyo na anatoa maziwa kiasi gani. Acheni sanamu zikauke kivulini siku tatu au nne. Jua kali huzipasua. Tengenezeni zizi zima: ng'ombe, mbuzi, mchungaji, mbwa. Wakristo wakitaka, zizi hilo linakuwa pango la Noeli, lenye paa la nyasi na ukuta wa maganda ya mgomba. Sioni sababu ya kununua sanamu za plastiki wakati mtoto anaweza kumlaza Mtoto Yesu kati ya ng'ombe wa pembe ndefu anaowajua.

Ng'ambo ya mto Kagera, katika nchi ya zamani ya Gisaka ambayo sasa ni mashariki ya Rwanda, kuna sanaa ya imigongo ambayo ningependa ivuke mto ije kwenye nyumba zetu. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kuwa matuta membamba juu ya ubao au ukuta kwa michoro ya pembe na mistari, kisha hupakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Wanyarwanda husimulia kwamba aliyeianzisha ni Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka. Nyeusi yake ya asili hupatikana kwa majivu ya maganda ya ndizi na utomvu wa mshubiri. Kwa watoto, weka udongo mahali pa samadi. Kateni boksi gumu, viringisheni vijiti vyembamba vya udongo uliochanganywa na ile gundi ya unga, vilazeni katika michoro, vikaukie ndani ya nyumba. Rangi zipo miguuni: mkaa uliosagwa, udongo mweupe, na udongo mwekundu wa barabarani. Nyumba ikisilibwa kwa ajili ya sikukuu, mwachieni mtoto sehemu ya ukuta iliyo kimo chake aifanye atakavyo. Wageni wataiona na kuuliza, naye atajibu.

Jioni, na siku za kutoka

Usiku wa Desemba kwenye vijiji vya Kyerwa ni wa baridi, na watoto wanataka kuwa karibu na moto. Zimeni simu na televisheni kwa saa moja. Kwa jirani zetu Wahaya, msimulizi huanza ngano kwa kusema amekuja akaona, nao wasikilizaji humjibu aone ili nao waone. Mtoto mdogo hawezi bado kusimulia ngano nzima, lakini jibu hilo analiweza, na ndilo linalomfanya awe mshiriki. Anayegawa zamu za vitendawili ahakikishe kila mtoto ametega angalau kimoja, hata kama jibu linajulikana na wote.

Kanisani watoto wana nafasi yao pia. Parokia za Jimbo Katoliki la Kayanga, lililoanzishwa mwaka 2008, na sharika za KKKT Dayosisi ya Karagwe huwa na nyimbo na igizo la kuzaliwa kwa Yesu, na kwa Wakatoliki tarehe 28 Desemba ni siku ya Watoto Mashahidi. Wazazi, mabawa ya malaika yanatoka vizuri kwenye boksi na maganda meupe ya mgomba. Familia za Kiislamu zilizo jirani hazina Krismasi, lakini sahani iliyofunikwa kwa kitambaa hupita kwenye ua wakati wa Krismasi na hurudi wakati wa Idi, na mbebaji wa sahani hiyo awe mtoto.

Mkipata siku ya kutoka, kuna chemchemi ya maji moto ya Mtagata huko Kyerwa, ambayo Stanley naye aliitembelea mwaka 1876 na ambayo watu huiendea hadi leo kuoga wakitafuta nafuu ya maradhi. Mtoto ashikwe mkono muda wote. Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zote zilizotangazwa mwaka 2019, ni jirani kabisa, ingawa kwa mtoto wa miaka mitatu nusu siku inatosha. Mto Kagera una mamba. Utazameni kwa mbali.

Ndugu unayetoka mjini, begi lako lisijae vitu vya betri vitakavyonyamaza kabla ya Mwaka Mpya. Leta mkasi wa watoto, karatasi za manila na unga wa ngano, kisha toa asubuhi zako mbili au tatu ukae chini na watoto wa ndugu zako. Waambie babu na bibi waonyeshe namna walivyofunga, walivyokanda na walivyosuka, maana wenye ujuzi huo wanapungua kila mwaka. Na kama likizo yako ni ya siku moja tu, tengenezeni mpira. Chagua siku isiyo na mvua, kwa sababu majani yaliyolowa hayafungiki.